Tundu la Chumba cha Ndani

Hospitali nzima ilimwita Hadubini, na yeye hakuwahi kulalamika, maana jina lilikuwa la haki. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameinamia hadubini ileile yenye shingo iliyofungwa kwa waya, kwenye karakana ya vifaa nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, akitafuta vitu vidogo kuliko punje ya ulezi. Mashine za kupima presha, pampu za dawa, skrini za wodini, printa za masjala, zote zilipita mezani pake na nyingi zilirudi kazini. Mganga Mkuu, mtu asiyesifu hata mvua baada ya kiangazi, aliwahi kusema mbele za watu kwamba yule mama angezaliwa na mkono wa tatu, hospitali isingehitaji fundi mwingine.

Mtu mmoja tu hakumwita Hadubini wala fundi. Huyo alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, muuguzi wa wodi ya watoto njiti. Alimwita wifi kwa sauti ya juu, koridoni, mbele ya madaktari, na kila mtu akajua kwamba ukimgusa Hadubini umemgusa na yule mwanamke mwenye mabega mapana na ulimi usiolala njaa.

"Wifi! Kaka yangu umeshindwa kumpikia, unakuja huku kupika waya!"

"Kaka yako kanenepa, wifi. Kama umemsahau nikuletee picha, lakini itabidi niipige vipande viwili."

Walitaniana hivyo tangu harusi. Hadubini alipopoteza mimba ya kwanza, wifi ndiye aliyekaa naye siku nne bila kusema neno la kufariji hata moja, akifua tu na kukunja nguo. Alipojifungua pacha, wifi ndiye aliyewapokea. Na nafasi ya kazi ilipotoka karakana, wifi ndiye aliyemkalia kooni katibu wa hospitali mpaka akakubali kumjaribu mwanamke aliyetoka kwenye kibanda cha kutengeneza simu.

Kwenye kibanda hicho ndiko Hadubini alikojifunza habari ya walinzi, na msomaji anivumilie kidogo hapa, kwa sababu bila walinzi kisa hiki hakieleweki.

Kila tundu la kuchomekea waya wa data lina kitu kidogo cheusi nyuma yake, ndani ya mashine; huyo ndiye mlinzi. Kazi yake ni kusubiri. Data inapita mbele yake mchana na usiku kwa kasi isiyohesabika, naye haigusi. Siku umeme wa ziada ukiingia kwenye ule waya, kwa radi au jenereta lililoshtuka, anaufungulia njia ya kwenda ardhini kabla haujaifikia chipu inayosoma data. Ukimzidi nguvu, anakufa yeye. Na akifa anaziba njia, tundu linanyamaza, na mashine inapelekwa kwa fundi. Fundi mwenye jicho anamwona aliyekufa, anamng'oa, na tundu linazungumza tena.

Ubaya wa jambo hilo ni kwamba tundu bila mlinzi linafanya kazi vizuri kabisa. Mteja anafurahi, fundi anafurahi, na hakuna anayeona kilichopungua. Mafundi wote wa vibandani walifanya hivyo. Hadubini naye alifanya hivyo, ila aliona haya kidogo, basi akajitungia desturi. Kila tundu alilolitoa bila mlinzi alilitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha pembeni, kujikumbusha kwamba liko uchi. Akamwambia mteja arudi mwezi ujao awekewe mlinzi mpya. Hakuna aliyewahi kurudi, maana mtu atarudije na kitu kizima?

Desturi hiyo alihama nayo hospitalini. Kila radi ilipopiga, asubuhi yake, kabla ya kuitwa na yeyote, alizunguka kukagua nukta zake nyekundu. Zilikuwa saba. Mlinzi akipatikana alimweka, kisha akaifuta nukta kwa pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Watu walidhani ni urembo. Yeye alijua ni kazi nusu, na alijua ni tundu lipi lililomnyima raha kuliko yote.

Kwenye meza ya wauguzi wa wodi ya njiti kulikuwa na mashine moja kuukuu yenye skrini kubwa, na nyuma yake matundu mawili. Tundu la kwanza lilipokea waya kutoka chumba cha nje, chenye watoto sita. La pili lilipokea waya wa chumba cha ndani, chenye watatu, wale wadogo zaidi, wengine hawakufika hata kilo. Vimashine vya vitandani vilikuwa vimezimwa sauti, kwa sababu watoto wale kelele huwachosha. King'ora kililia mezani tu. Na waya wa chumba cha ndani, kwa kuwa mwashi alikataa kutoboa ukuta mnene, ulipitishwa dirishani, ukazunguka jengo kwa nje chini ya paa, ukaingia tena kwa dirisha la upande wa pili. Hadubini aliuona kila siku ukining'inia pale na akaulaani kila siku.

Miezi minane kabla ya Alhamisi ninayoisimulia, radi ya mbali ilimuua mlinzi wa tundu hilo. Matroni alisimama mlangoni mwa karakana mikono kiunoni akitaka mashine yake siku ileile. Hadubini hakuwa na mlinzi anayefaa. Alikuwa nao wengi wa nyaya za umeme, wanene, wenye nguvu, akajaribu mmoja. Namba zikaanza kufika kwa kuchelewa, vipandevipande, maana mlinzi mnene wa kiasi kile humeza data inayokwenda mbio. Akamng'oa. Namba zikaja safi. Akatia nukta nyekundu, akajaza fomu ya kuagiza walinzi wembamba, akairudisha mashine wodini. Matroni alimwambia asante, na hiyo peke yake ilikuwa habari ya wiki.

Walinzi walifika baada ya miezi saba na ushee, kumi kwenye utepe, ndani ya bahasha ndogo kama ya mbegu za mchicha. Akaitia bahasha mfukoni mwa koti lake la kazi, akaenda wodini kuomba dakika arobaini tu.

"Leo hapana, wifi," wifi yake alisema, mirija miwili mkononi. "Nina watoto tisa na niko peke yangu. Kwani imeharibika?"

"Hapana. Nilitaka kuisafisha kidogo."

"Sasa vumbi litakimbia? Njoo kesho."

Kesho akaja, na kesho kutwa, na majibu yalikuwa hayohayo. Neno moja lingetosha. Angesema, "Wifi, lile tundu liko uchi, radi ikipiga utabaki kipofu chumba cha ndani," mashine ingezimwa saa ileile, na wauguzi wangekaa na watoto macho kwa macho mpaka amalize. Lakini kusema hivyo kulikuwa kusema pia kwamba lilikuwa uchi miezi minane, kwamba yeye ndiye aliyeliacha hivyo na kunyamaza. Akaona haya. Kwa ajili ya haya hiyo bahasha ilikaa mfukoni wiki tatu.

Alhamisi hiyo mvua ilianza saa tisa mchana. Saa kumi kasorobo radi ikapiga karibu, taa zikazima, mashine ya mezani ikashikiliwa na betri yake, jenereta likaunguruma, taa zikarudi. Wifi yake alikuwa kwenye zamu ya pili mfululizo, kwa sababu mwenzake alikuwa anaumwa. Aliwazungukia watoto wote tisa baada ya ule mshindo, akawagusa mmojammoja, wote wazima. Akarudi mezani kuandika mafaili, jicho moja kwenye skrini. Sehemu ya juu, ya chumba cha nje, namba zilikuwa zinabadilika. Sehemu ya chini, ya chumba cha ndani, zilisimama, lakini zilisimama pazuri: mapigo mia moja arobaini na nne, hewa tisini na sita. Nani angetilia shaka namba nzuri?

Saa kumi na moja mama mmoja akaleta kikombe cha maziwa aliyoyakamua, ya mwanawe wa chumba cha ndani. Wifi akakipokea, akaingia nacho, akamkuta mtoto ana rangi ya majivu. Daktari alikuja mbio. Walihangaika nusu saa. Mama alikuwa amesimama kwenye kioo muda wote ule, kifuniko cha kikombe bado mkononi.

Daktari akaamuru wale wawili waliobaki wahamishiwe chumba cha nje, na majina yote matatu yafutwe kwenye sehemu ya chini ya skrini, kama ilivyo kawaida kitanda kikiwa kitupu. Matroni alipofika, sehemu hiyo ilikuwa nyeusi na tupu. Tena Matroni alikuwa na lake la kusema: alipita koridoni saa kumi na nusu, na kwa kioo alimwona muuguzi ameweka kichwa juu ya mkono, mezani.

Hadubini hakusikia lolote. Alikuwa ameondoka saa nane na nusu kuwahi mvua. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa wodini na mkoba wake, kukagua nukta. Muuguzi wa zamu ya usiku alimpungia mkono kutoka chumba cha nje, naye akamwambia anakagua tu. Kwa kuwa chumba cha ndani kilikuwa kitupu, aliona hapa ndipo bahati yake. Akachomeka kipimo kwenye tundu la pili. Kimya. Akajaribu tundu la kwanza, lenye mlinzi wake. Hilo likazungumza vizuri kabisa.

Akafanya alichofanya miaka yote. Alizima mashine, ambayo kwa uzee wake ilisahau kila kitu ikizimwa. Akaing'oa chipu iliyoungua, akaweka nyingine kutoka mashine mbovu. Akatoa bahasha mfukoni na kumweka mlinzi mpya kwa mkono usiotetemeka. Akaifuta nukta nyekundu mpaka chuma kikang'aa. Akajaribu, na tundu likazungumza. Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho, moyoni akijipongeza, muuguzi alipokuja kuegemea meza.

"Hujasikia? Jana tumempoteza mmoja wa chumba cha ndani. Wanasema wifi yako alilala. Wanasema king'ora kililia hakusikia."

Hadubini alibaki ameshika bisibisi. "Kililia?" aliuliza.

"Si lazima kililia? Mashine si nzima?"

Hapo angeweza kusema. Muuguzi alikuwa mbele yake, skrubu ya mwisho hata haijakazwa. Badala yake aliokota zana, akarudi karakana, akaidumbukiza ile chipu kwenye mkebe wa maziwa ya unga anamotupia chipu mbovu. Akakaa kwenye kiti chake. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, hakuiwasha taa ya hadubini mpaka saa nne.

Kamati iliketi Jumanne: Mganga Mkuu, katibu, Matroni, na daktari mmoja kutoka hospitali nyingine. Waliketi palepale wodini. Wifi aliwekwa kwenye kiti cha plastiki pembeni, amevaa sare iliyopigwa pasi. Alisema alichokiona: skrini ilionyesha mtoto mzima, king'ora hakikulia. Mganga Mkuu akamgeukia fundi.

"Hadubini, hebu tuonyeshe."

Akaingia chumba cha ndani, akajibana kidoleni kile kibanio cha kuwapimia watoto mapigo na hewa, namba zake zikatokea mezani. Akakitoa. King'ora kikalia kwa nguvu mpaka mtoto mmoja wa chumba cha nje akaanza kulia. Matroni akatingisha kichwa.

"Kwa hiyo mashine ni nzima?"

Wifi yake alikuwa anamtazama. Hakumtazama kwa kuomba, wala kwa kulaumu. Alimtazama kwa imani, kwamba sasa wifi anakuja na jambo lake la kifundi na kila kitu kitaeleweka. Hadubini alifungua mdomo. Akaona pacha wake chuoni, akaona polisi, akaona yule mama wa kikombe.

"Nzima," alisema.

Katibu akaandika. Haukuwa uongo, na ndiyo maana ulitoka kwa urahisi vile. Wifi akainamisha macho, akayatazama magoti yake, na tangu hapo hakujibu swali lolote zaidi ya "sijui". Walimsimamisha kazi mchana uleule.

Nyumbani, siku ya tatu, mumewe alimaliza ugali wake, akazungumza. Alikuwa mtu mpole, dereva wa lori la maji, na mdogo wa yule dada aliyemlea.

"Mama Pacha, mimi naona dada kalala. Simlaumu. Zamu mbili! Hata mimi ningelala. Wa kulaumiwa ni waliompanga." Akanawa mikono taratibu. "Wewe si uliipima ile mashine?"

"Niliipima."

"Na ni nzima."

"Nzima," alisema mara ya pili, na safari hii alijichukia kwa sauti yake mwenyewe ilivyokuwa shwari. Alijipa sababu. Alijiambia kwamba wifi mwenyewe ndiye aliyemkatalia mara tatu. Alijiambia kwamba radi ile ilikuwa kubwa, pengine na mlinzi angekufa, tundu likanyamaza vilevile. Lakini tundu la jirani lilikuwa na mlinzi na lilipona, hilo alilipima kwa mkono wake. Sababu zake zote zilifika hapo zikakwama.

Jumamosi ya wiki ya tatu alimpelekea wifi unga na mafuta. Alimkuta sebuleni, mchana kweupe, mapazia yamefungwa, ameketi mezani na saa ya ukutani ameishusha na kuilaza mbele yake. Alikuwa amekonda. Mabega yale yalikuwa yameshuka.

"Kaa, wifi," alisema. "Nilikuwa najaribu kitu. Naweka kichwa hivi," akaweka kichwa juu ya mkono, "nafumba macho, halafu nafumbua nione imepita muda gani. Jana nilidhani ni dakika moja. Zilikuwa kumi na mbili."

"Wifi, acha."

"Nisikilize. Mimi nilikuwa nakataa, kwamba nilikuwa macho. Nakumbuka hata faili nililokuwa naandika. Lakini king'ora chako kinalia, sote tumekisikia. Kama kinalia na mimi sikukisikia, basi nililala. Hakuna njia nyingine. Nimeihesabu kila upande." Akavuta karatasi kutoka chini ya kitambaa cha meza. "Nimeandika barua. Nimekiri. Afadhali yule mama ajue moja. Aliniuliza pale kwenye kioo, 'Ulikuwa unafanya nini?' Nikamwambia sijui. Hebu fikiria, mtu amefiwa na mwanawe, unamwambia sijui."

Hadubini alitazama ile barua, mwandiko wa wifi mkubwa wa duara, na akataka kusema palepale. Alichosema ni, "Usiipeleke. Ningoje mpaka Jumatatu." Akatoka karibu anakimbia, akamwacha wifi na saa yake.

Jumatatu saa mbili kamili alikuwa mlangoni kwa Mganga Mkuu, amepiga moyo konde, mkebe kwapani. Katibu alikuwemo, na Matroni aliitwa. Hadubini alisimulia yote bila kujificha: mlinzi aliyekufa, miezi minane, nukta nyekundu, bahasha mfukoni, Ijumaa asubuhi. Alisema, "Chipu ya tundu iliungua, skrini ikasimama kwenye namba za mwisho. King'ora hakikulia. Wifi yangu hakulala. Kosa ni langu."

Walimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha Mganga Mkuu akavua miwani.

"Siku ya kamati nilikuuliza, ukasema nzima."

"Ilikuwa nzima siku hiyo. Nilikuwa nimeshaitengeneza."

"Kuna fomu ya matengenezo?"

Hapakuwa na fomu. Yeye hutengeneza kwanza, huandika baadaye, na safari hii hakuandika. Muuguzi wa usiku alimwona, ndiyo, na aliitwa. Akasema kweli tupu: fundi alikuja, akafungua, akasema anakagua tu. Walikwenda wodini, mashine ikafunguliwa. Hadubini mwenyewe aliishika taa. Ndani palikuwa safi. Mlinzi alikuwa amekaa mahali pake, solda inang'aa, hakuna alama ya moto wala mkono wa mtu, maana ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyojivunia miaka kumi na tisa. Pembeni ya tundu, rangi alikuwa ameifuta mwenyewe.

"Hii nukta ilikuwa wapi?" katibu aliuliza.

"Hapa."

Katibu akapitisha kidole. Hakuona kitu.

Hadubini akaufungua mkebe, akaumimina juu ya meza ya wauguzi. Chipu zikamwagika, nyeusi, ndogo, mia tatu au zaidi, zote zimeungua, zote zinafanana.

"Ni ipi kati ya hizi?" Mganga Mkuu aliuliza, na hakuuliza kwa dhihaka.

Akaanza kuzigeuza kwa kucha. Akainama, akasogeza uso. Akaweka moja pembeni, akairudisha, akachukua nyingine. Wakamngoja. Mwishowe Matroni, mwanamke mkavu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akimgusa mtu, akamshika bega.

"Hadubini, tunajua mnavyopendana. Mimi pia nina wifi. Lakini usijiharibie kazi bure." Akatoa karatasi mfukoni mwa gauni. "Ameileta mwenyewe leo alfajiri. Amekiri. Ameandika vizuri kabisa, hata sisi tumehuzunika."

Mganga Mkuu alisema hatayaandika yale maneno ya asubuhi. Alidhani anamtendea wema. Alimwambia aende nyumbani apumzike siku mbili, na kwamba wifi yake hatapelekwa mahakamani, atafutwa kazi tu, kwa heshima ya utumishi wake wa muda mrefu.

Hadubini alikwenda moja kwa moja kwa wifi, na koti lake la kazi mwilini. Mlango ulikuwa wazi. Wifi alikuwa anafagia. Mapazia yalikuwa yamefunguliwa na saa imerudi ukutani.

"Nimeipeleka," wifi alisema bila kugeuka. "Nimeona nikikungoja wewe nitaogopa. Usiku wa jana ndio wa kwanza nimepata usingizi."

"Wifi, hukulala."

"Nilishasema, nimekwisha kubali."

"Hukulala. Siku ile. Skrini ilisimama, radi iliunguza tundu la chumba cha ndani. Halikuwa na mlinzi. Mimi ndiye niliyemtoa, na nilikuwa na mpya mfukoni wiki tatu. Zile dakika arobaini nilizokuomba hazikuwa za kusafisha. Ijumaa asubuhi nikaitengeneza, nikafuta kila kitu. Nimewaambia sasa hivi, hawakuniamini."

Ufagio ulisimama. Wifi aligeuka polepole, na uso wake ulikuwa hauna kitu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Rudia."

Akarudia. Mara hii wifi alimsimamisha kila hatua, akauliza saa, akauliza upande gani wa skrini. Namba akazitaja mwenyewe. Mia moja arobaini na nne. Tisini na sita. Alizijua. Akakaa kwenye mkono wa kiti.

"Sikulala," alisema.

"Hukulala, wifi."

"Nilikuwa naandika faili. Nilikuwa naandika faili la yuleyule mtoto." Akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti ambayo Hadubini hakuwahi kuisikia kwake, wala kwenye misiba. Hadubini akasogea, akanyoosha mkono. Wifi akauondoa, si kwa ukali, akauweka kando tu. Alipomaliza kulia alijifuta kwa upindo wa khanga.

"Siku ile ulipoweka kidole chako pale, ukasema nzima. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nilipokuonyesha barua hapa, Jumamosi. Ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

Wifi akatingisha kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa hesabu na kuiona imetimia. Akaingia chumbani. Akatoka amevaa viatu na sweta, mkoba mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa yule mama. Aliniuliza nilikuwa nafanya nini. Sasa nina jibu."

"Twende wote. Nimwambie mwenyewe."

"Utakwenda siku yako. Leo ni yangu." Akampita pale alipokuwa amesimama, akashuka kizingiti. Kwenye ngazi alisita, akasema bila kugeuza kichwa, kwa sauti ya mtu anayezungumza na yeyote aliyekuja kutengeneza kitu nyumbani kwake:

"Ukitoka rudishia mlango, fundi."

Hadubini akangoja mpaka nyayo zikaisha njiani. Kisha akatoka, akaurudishia.